Kiti cha Bi Mwanajuma Majini

Vueni viatu kwanza. Najua nyinyi vijana mnaojifunza uashi siku hizi mwafundishwa kuvaa mabuti, na mabuti ni mazuri, tofali likikuangukia kidoleni utayakumbuka. Lakini kazi niliyoifanya mimi miaka arobaini na kitu huanzia kwenye unyayo. Mimi ni mwashi wa mahali pa maji. Nyumba nimejenga chache, na mbili kati ya hizo zimepasuka, sitawaficha. Kazi yangu hasa ilikuwa birika za kutawadhia, midomo ya visima, sakafu za kuogea, ngazi za kushukia pwani, na vile vitako vya mawe ambavyo mtu huketi akaosha miguu. Popote mwili wa binadamu unapokutana na maji, hapo ndipo nilipoitwa, tangu kwetu Jomvu Kuu mpaka Likoni, na Kisauni ndani ndani kule ambako zamani hata njia haikuwako.

Na mahali pa namna hiyo hapapimwi kwa futi. Hupimwa kwa mtu.

Aliyenifunza hilo ni marehemu Fundi Kombo. Alikuwa mtu mfupi, mpole wa maneno, lakini kazi mbaya haikulala mbele yake. Nilikuwa kijana, nimeshajiona fundi, akanipa nijenge jiwe la kuwekea miguu mbele ya birika ya msikiti mmoja. Nikalijenga. Nikalipiga niru, ule uji wa simiti wa kumalizia, mpaka likang'aa. Urefu wake nilipima kwa mguu wangu mwenyewe, nami kama mnavyoniona, miguu yangu ni ya korongo. Siku ya kwanza akaja mzee mmoja, akainua mguu kuuweka juu ya jiwe, ule mguu wa pili ukamkataa. Akaingia birikani na kanzu yake na kofia yake. Alipotolewa alisema alhamdulillahi, angalau leo ametawadha mwili mzima. Watu walicheka. Mimi nilitaka ardhi inimeze.

Fundi Kombo hakunigombeza. Alitafuta vipande vinne vya mbao, akanifunga miguu yote miwili, kipande mbele, kipande nyuma, magoti yasipinde. Kisha akanipa kata ya maji. "Haya, tawadha. Umeshafika miaka themanini."

Nilihangaika pale kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Kesho yake nikalivunja lile jiwe kwa mkono wangu na nikalijenga upya, chini kwa shibiri moja. Tangu siku hiyo, kila kazi niliyoimaliza, kabla ya mwenyewe kuitumia, nilijifunga magoti nikaijaribu. Watu waliniona mwendawazimu. Lakini hakuna mzee mwingine aliyeogelea na kofia kwa sababu yangu.

Mengine niliyajua kwa kutazama. Ukitaka kujua mdomo wa kisima umekosewa, usitazame kisima, tazama leso za wanawake wanaoteka. Zikiwa zimechakaa upande mmoja hapa nyongani, jua ukingo uko juu mno, wanaugusa kila wakivuta kamba. Na vigae vya kisasa, hivi vinavyong'aa, ni vizuri kwa kupigia picha. Weka kwenye sakafu ya bafu la bibi yako, kisha uanze kutafuta kitanda cha hospitali. Mchanga wa mto, chenga nzito kidogo, uupige kwa ufagio wa chelewa kabla simiti haijashika. Unyayo utashika. Hilo sikulisoma mahali, shule yangu iliishia darasa la pili.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, kwa sababu nilipoambiwa nyinyi mnataka kusikia kazi yangu kubwa ilikuwa ipi, nadhani mlitarajia msikiti au lile bwawa la kuogelea la hoteli Nyali. Sivyo. Kazi yangu kubwa nimeifanya baada ya kustaafu, mgongo umeshakwisha, na ni kiti kimoja tu.

Alikuja mwanamke kutoka Likoni, jina lake Riziki, wa miaka thelathini na ushei, amevaa suruali na mtandio, mikono imejaa udongo mkavu mpaka kwenye viwiko. Mikono hiyo ndiyo iliyofanya nimsikilize.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Karibu. Umetoka kumwaga zege wapi?"

"Si zege, Babu, ni udongo wa kufinyanga. Mimi nafanya sanaa."

"Sanaa gani?"

"Ya mwili wa mtu na bahari. Vile bahari inavyomfanya mtu awe alivyo."

Nikamuuliza swali moja tu ambalo fundi huuliza. "Na itashika maji?"

Akacheka. "Hapo ndipo nimekwama. Nilizozifanya zote zimeyeyuka."

Alichotaka ni kumtengeneza Bi Mwanajuma kwa simiti, ameketi, akae pwani pale chini ya mikoko, maji yakijaa yamfunike, yakipwa yamwache. Bi Mwanajuma mnamjua, au mama zenu wanamjua. Ndiye aliyekuwa akitafuta chaza kwenye mizizi ya mikoko maisha yake yote, tangu akiwa msichana mpaka juzi tu magoti yalipokataa. Wengi hapa tumekula chaza kwa mikono yake. Amenizidi miaka michache na hajaacha kuniita kwa jina tupu.

Nikamwambia Riziki, "Mwanangu, sanamu mimi sifanyi. Nimejenga mahali pa kutawadhia maisha yangu yote, sasa nimalizie na sanamu? Nenda kwa mwingine."

Hakubisha. Aliinamisha kichwa akasema mama yake Likoni amemwambia hivyo hivyo, na kwa sauti kubwa zaidi. Nikamwonea huruma. Nikamchukua mpaka kwenye msikiti wa zamani, upande wa nje, kwenye jiwe la miguu ambalo lilikuwako kabla ya Fundi Kombo. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Lile jiwe limelika kwa nyayo za watu, visigino viwili na vidole, na ndani yake maji ya mvua yametuama.

"Hili," nikamwambia, "hakuna aliyelichonga. Ni watu tu, wameweka miguu."

Riziki alichutama pale muda mrefu. Mwisho akasema polepole, "Babu, hayo maji yana vidole."

Nikatazama. Wallahi, nimepita pale maisha yangu yote na sikuwahi kuona. Maji yalikuwa na vidole.

Basi tukaelewana palepale. Hatutafanya mtu. Tutafanya mahali mtu alipokaa, shimo lake tu, na bahari yenyewe ije ijaze. Maji yatakuwa na mgongo, yatakuwa na mapaja, kisha yatakwenda zake. Kama hilo ni sanaa mimi sijui, lakini uashi naujua, na ule ulikuwa uashi.

Tukaenda kwa Bi Mwanajuma kumwomba ruhusa. Alikuwa ameketi barazani, miguu ameinyoosha kwenye mkeka, magoti yamevimba kama madafu. Akamsikiliza Riziki mpaka mwisho, akanigeukia mimi.

"Athumani, hicho kiti kitakuwa kwenye maji?"

"Ndani kabisa."

"Nami nitakikalia?"

Riziki akasema, "Ukipenda, Bi, ni chako."

Akatueleza. Mwanawe Sudi, anayefanya kazi bandarini, amepata nyumba Mikindani, ghorofa ya tatu, na amesema mama hakai tena peke yake Jomvu. Ni mtoto mwema, hana kosa. Lakini Bi Mwanajuma mara ya mwisho kushuka pwani alinasa kwenye tope mpaka magotini, akabebwa na vijana watatu kama gunia, na tangu siku hiyo hajashuka tena, kwa aibu.

"Huko Mikindani maji yatoka kwa mfereji," akasema. "Mimi nataka niingie baharini mara moja, nikae, nitulie, halafu wanipandishe huko juu wanakotaka. Waweza, Athumani, au waniongopea?"

Nikasema naweza. Mzee wa miaka yangu asiseme hivyo haraka haraka, lakini nilishasema.

Tulimwagia uani kwake. Tukaunda boksi la mbao, mimi nikachanganya zege nzito, kokoto ndogo, maji kidogo. Simiti mbichi huchoma ngozi, msisahau hilo, kwa hiyo juu yake tukatandika nailoni, na juu ya nailoni leso mbili zilizoloweshwa. Sasa, mwanamke mtu mzima anakalishwa pale na nguo nyepesi, mimi mwanamume nitasimama kutazama nini? Walinitoa. Nilisimama nyuma ya ua wa makuti, uso umeelekea kwa jirani, natoa amri kwa sauti.

"Mkalisheni polepole. Mgongo ulale."

"Amelala, Fundi," Riziki akajibu.

"Simiti imepanda?"

"Imepanda. Ila upande wa kushoto amezama zaidi."

"Mwacheni. Hesabuni mpaka mia tatu."

"Mie natekenywa," Bi Mwanajuma akasema, na wanawake wote wakacheka, na jirani akachungulia kuniuliza nina nini na ua wake.

Walipomtoa na kumvisha, wakaniita. Wakaenda ndani kunywa chai. Nikabaki peke yangu na lile shimo, na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mtu asiye mwashi hawezi kulifanya. Niliona kushoto kumebonyea vidole vinne zaidi ya kulia. Bega la kushoto nalo chini. Nikadhani zege imetitia. Mkono wangu ukachukua mwiko wenyewe. Nikajaza kushoto, nikaweka pimamaji, nikasawazisha mpaka kile kiputo kikakaa katikati. Nikapiga niru. Nikajisifu.

Siku nne baadaye simiti imekauka, Bi Mwanajuma akakikalia ili akijaribu. Mimi tena nyuma ya ua. Nikasikia:

"Hiki kiti cha nani?"

"Chako, Bi," Riziki akasema.

"Changu hapana. Aliyekaa hapa hajawahi kubeba ndoo."

Nilisikia viatu vya Riziki vikija. Akasimama mbele yangu. "Babu, uligusa?"

"Nilisawazisha tu."

Hakupiga kelele. Aliketi chini kwenye mchanga, akanieleza taratibu kama mwalimu wa chekechea. Kwamba Bi Mwanajuma amebeba ndoo ya chaza upande wa kushoto miaka yote hiyo, na nyonga imekwenda na ndoo, na bega limekwenda na ndoo. "Huo upande ulioutengeneza, Babu, ndio niliokuja kuutafuta kutoka Likoni."

Nikakumbuka mbao za Fundi Kombo magotini mwangu. Nimejidai maisha yangu yote kuwa napima kwa mtu, na mtu mwenyewe alipokuja na vipimo vyake nikamsahihisha kwa pimamaji. Nikachukua nyundo nikakivunja kile kiti. Tukamwaga kingine siku ya pili yake. Safari hii nilimkabidhi Riziki mwiko wangu akae nao ndani ya mkoba wake, nisije nikashawishika.

Kilipokuwa kinakauka akapita Mwalimu Bakari, anayesomesha watoto madrasa. Habari ilikuwa imeshamfikia.

"Fundi Athumani, nimeambiwa mwafanya sanamu."

"I wapi, Mwalimu? Tazama. Hapa pana shimo."

Akatazama kwa makini, akazunguka. "Shimo la nani?"

"La Bi Mwanajuma."

"Halina kichwa?"

"Kichwa atakuja nacho mwenyewe."

Akajizuia kucheka akashindwa. Akasema shimo halina hukumu anayoijua yeye, ila tuhakikishe watoto hawatumbukii. Akaondoka. Baadaye nilimwona amerudi na watoto wake wa madrasa, anawaonyesha kwa mbali.

Kukipeleka pwani walihitajika wanaume sita na mkokoteni. Mahali pa kukiweka nilichagua mimi. Kulikuwa na bamvua siku hizo, maji makubwa, yamepanda mpaka karibu na njia. Nikaona mwani ulipoachwa, nikapima hatua chache chini ya hapo, kwenye ardhi ngumu, nikakipandikiza kwa simiti. Imara. Riziki akaalika watu waje Jumapili, siku nane mbele, asubuhi maji yakijaa. Na Sudi alikuwa amesema Alhamisi itakayofuata Jumapili hiyo anakuja kumchukua mama, ameshaomba ruhusa kazini.

Nyinyi mliozaliwa hapa mmeshajua nilichokosea. Mimi sikujua. Tangu nistaafu nilikaa huku juu, sikuwa na shughuli na pwani, sikuwa tena mtu wa kuhesabu mwezi. Baada ya siku nane za bamvua huja nini? Maji mafu, yale yasiyopanda mbali.

Jumapili watu wakaja. Riziki na wenzake kutoka mjini na kamera zao, jirani zetu, Mwalimu Bakari, Sudi na mkewe. Bi Mwanajuma akaletwa kwenye kiti cha plastiki, amebebwa na wana wa jirani, amevaa leso mpya. Mkono wa bahari ukaanza kujaa. Maji yakaja polepole, yakaja, yakafika urefu wa leso mbili kutoka kwenye kiti chetu. Yakasimama. Tukangoja. Mtoto mmoja akauliza kama yamechoka. Kisha yakaanza kurudi.

Bi Mwanajuma ndiye aliyesema kwanza.

"Athumani. Mmeita watu wote hawa. Maji hamkuyaita."

Watu wakacheka, naye akacheka, lakini nilimwona alivyoinamisha macho akitazama yale maji yakienda.

Sudi akanijia kwa adabu. "Fundi, mmejitahidi sana. Mwenyezi Mungu awalipe. Alhamisi alasiri inshallah nakuja na gari."

Mmoja akasema tungoje bamvua lingine, wiki moja tu. Bi Mwanajuma akajibu, "Bamvua litanikuta Mikindani."

Nikamwambia Riziki anipe nyundo na tindo. Akasema, "Babu, sasa hivi?" Nikamwambia maji yanapwa, tungoje nini. Alasiri ile ile, watu hawajamaliza sambusa zao, nilikuwa nimepiga magoti nabomoa simiti yangu mwenyewe, ile niliyojisifu kuwa ni imara. Ilikuwa imara kweli. Ilinitoa ngozi ya viganja.

Tatizo lilikuwa moja. Chini kule maji yanakofika kila siku, hakuna ardhi ngumu. Ni tope. Ukiweka kitu kizito kama kile, kesho utakikuta kinaning'inia upande, keshokutwa hukikuti. Na maji yanakuja mara mbili kwa siku, hakuna nafasi ya simiti kukauka.

Hapo sasa sikilizeni vizuri, maana hili hamtafundishwa na mtu mwingine. Fundi Kombo alinionyesha mara moja tu, tulipokuwa tukitengeneza ngazi ya pwani kule Likoni. Unachukua nguzo za mikoko, hata kuukuu, mimi nilizitoa kwenye banda langu la kuku, unazilaza kwenye tope, moja hivi, moja hivi, kama kitanda. Juu yake mawe ya matumbawe. Juu ya mawe magunia. Ndani ya magunia mchanga na simiti na kokoto, lakini vikavu, bila tone la maji. Ushone midomo, uyapange kama matofali, uyakanyage yashikane. Halafu uondoke. Maji yakija yataingia yenyewe ndani ya gunia na kuichanganya simiti, na itashika hapo hapo ndani ya maji. Bahari ndiyo inayokufanyia kazi. Na wakati mzuri wa kufanya hivyo ni maji mafu, kwa sababu mkondo ni mdogo, hauchezei magunia. Kwa hiyo lile lililotuaibisha Jumapili ndilo lililotusaidia Jumatatu.

Jumatatu alasiri tulilaza nguzo. Riziki alikuwa kwenye tope mpaka mapajani, mtandio ameufunga kiunoni, anavuta mawe. Mgongo wangu ulikuwa unaniambia maneno nisiyoweza kuwatamkia. Mke wangu alikuja akasimama juu, mikono kiunoni.

"Athumani, ukifia humo mimi sishuki kukuchukua."

"Usishuke. Niletee maji ya kunywa."

Akaleta. Akaketi akashona midomo ya magunia kwa sindano ya mikeka, na hakuna aliyemwomba.

Jumanne asubuhi tukapanga magunia. Jioni tukarudi kutazama. Nikasimama juu yake, miguu mitupu, nikaruka mara moja, kiasi mzee anavyoweza kuruka. Hayakutikisika.

Kilichobaki ni kukishusha kiti. Vijana wa mkokoteni walikuwa wamekwenda vibaruani. Jumatano asubuhi maji yamepwa, nikamwona Sudi anakuja kwenye njia. Nikadhani ametangulia siku.

Alisimama akatazama kiti, akatazama magunia, akatazama viganja vyangu. "Mnakishushaje?"

"Ndiyo tunafikiri."

Akavua viatu. Sikumwambia avue, alivua mwenyewe. Akakunja suruali ya kazi, akaenda kwa jirani akaazima vipande vya mabomba ya chuma na mbao mbili ndefu. Yeye kazi yake bandarini ni kuhamisha vitu vizito, na mtu wa namna hiyo humwambii kitu. Akaweka mbao, akaweka mabomba juu yake, tukakisukuma kiti kikaviringika juu ya mabomba, bomba la nyuma analitoa analipeleka mbele, taratibu, kama anamsindikiza mgonjwa. Kwa muda wa chai mbili kikafika juu ya magunia. Kikakaa.

Sudi akajifuta jasho. Akaweka mkono ndani ya lile shimo, kushoto, pale palipozama. "Mimi nilikuwa nikibebwa huku," akasema. "Ndoo kushoto, mimi juu ya ndoo." Akanawa miguu akaenda kazini.

Alhamisi baada ya sala ya adhuhuri maji yalikuwa yakipanda. Hapakuwa na kamera. Wanawake walimbeba Bi Mwanajuma kwenye kiti cha plastiki, wengine wamezunguka na leso wamezinyoosha kama ukuta. Wanaume tulikaa juu kwenye njia, migongo imeelekea pwani. Mimi, Sudi, na Mwalimu Bakari aliyesema amepita tu. Kwa hiyo kazi kubwa ya maisha yangu ilipofunguliwa sikuiona. Niliisikia.

Kwanza nilisikia matope. Kisha Riziki akisema, "Polepole, Bi, hapo hapo." Kisha Sudi akanishika mkono bila kujua kuwa amenishika.

Ndipo sauti yake ikaja. "Ewe Athumani."

"Naam, Bi."

"Hiki changu."

Baada ya muda akaita tena. "Yamefika nyongani."

"Kushoto au kulia?"

"Kushoto, kwani wewe wadhani wapi?"

Akaendelea kutupa habari vile, mimi najibu bila kugeuka. Yamefika tumboni. Yamefika kifuani. Kuna samaki mdogo amenijia mapajani, hana adabu. Wanawake wakacheka. Kisha akanyamaza na wote wakanyamaza naye. Sijui walikaa muda gani. Mwalimu Bakari alikuwa akivuta tasbihi polepole, na Sudi amefunika uso kwa kofia yake.

Walipomtoa na kumfunika na kumpitisha, alisimamishwa mbele yangu akiwa ametota mpaka shingoni. Alinitazama tu. Akasema, "Haya Sudi, leta gari lako."

Nilishuka mwenyewe baadaye, maji yanapwa. Bahari ilikuwa imeondoka pale, lakini ndani ya kiti yalibaki maji, yametulia, na mgongo, na mapaja mawili, na nyonga moja chini ya nyingine. Riziki alikuwa ameketi kando, tope mpaka kwenye nyusi. Akafungua mkoba akanirudishia mwiko wangu.

Sasa viti viko vitano pale chini, mmeviona. Watu walikuja wenyewe kuomba, na Riziki huja kila akipata nafasi. Mkitaka kujifunza magunia njooni, mgongo wangu haushuki tena lakini mdomo unashuka. Na mje miguu mitupu.

Bi Mwanajuma yuko Mikindani, mzima, ghorofa ya tatu. Sudi alimnunulia simu yenye vitufe vikubwa. Hanipigii kunisalimu. Hunipigia maji yakijaa, na kutoka huko juu saa zake hazikosei, amezihesabu maisha yake yote. Nami huchukua fimbo yangu nikatoka mpaka mahali naweza kuona.

"Athumani, nimejaa?"

"Unajaa, Bi. Yamefika nusu."

"Upande upi umetangulia?"

"Wa kushoto."

"Haya," husema, na kukata simu.